Saa Moja kwenye Mashine ya Mayala

Mgao wa umeme ulikuwa umeikatiza hesabu ambayo Euphrasia, mwanafunzi aliyekuwa likizoni, aliifanya kwenye kompyuta, mara tatu wiki ile, na kesho asubuhi Padri Florian angeondoka Musoma na diski ya hesabu hiyo kumpelekea profesa wake chuoni. Dafroza, bibi yake Euphrasia, akampeleka kwa Mayala, mwenye mashine ya kusaga pale Nyakato. Injini yake ya dizeli ilizungusha pia jenereta ndogo.

"Kompyuta itawaka," alisema Mayala, "lakini nikisaga, umeme unashuka, inazimika. Waombeni wenye foleni wangoje."

Wanawake saba walikuwa na mahindi yao. Wankyo, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Inahesabu nini hiyo?"

Euphrasia akaeleza kwamba ndani ya jicho kuna chembe ndogo mno. Mwanga ukiigusa, inajipinda, ndipo tunaona. Wataalamu wameipima kwa mimweko ya mwanga; yeye anaiigiza kwa hesabu, hatua kwa hatua, ajue inajipindaje.

"Inachukua muda gani kujipinda?"

"Ukianza kupepesa, mama, yenyewe imeshamaliza zamani."

"Na kuihesabu?"

"Imebaki saa moja."

Wankyo akacheka mpaka mtoto akaamka. "Jamani! Ningoje saa nzima kitu kilichokwisha zamani? Hata mume wangu hanicheleweshagi hivyo!"

Dafroza, ambaye jicho lake moja lilikuwa na ukungu, akamwinamia mjukuu wake. "Itanirudishia jicho?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Lakini ulichowaza ni kweli?"

"Ndicho nataka kujua."

Wankyo alisikia. Akageuza ndoo tupu ya jirani, akaikalia. "Hesabu, mwanangu."

Hakuna aliyeondoka. Mayala akachukua kipande cha boksi, akawa anaipepea kompyuta isipate joto. Kwenye kioo, mstari ulishuka polepole kama siafu. Euphrasia akauweka kando yake mchoro wa wale wataalamu. Mstari ukapinda pale pale mchoro ulipopinda. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Imelingana, bibi! Ngoja niirudie, niwe na hakika."

Dafroza alimtazama mtoto wa Wankyo, aliyekuwa akinyonya kidole.

"Diski imeshika hesabu yako?"

"Imeshika."

"Basi zima, mjukuu wangu. Utairudia ukirudi chuoni."

Euphrasia akazima, akawashukuru mmoja mmoja. Debe la mahindi la Dafroza lilikuwa la kwanza kwenye foleni tangu asubuhi. Bibi akaliburuta mpaka nyuma kabisa.

"Mayala," akasema, "anza na Wankyo."