Mpunga wa Ishirini na Tisa

Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Tangu niolewe sijawahi kulitia mdomoni jina la mume wangu, na nitakufa nalo tumboni. Kabla hatujapata mtoto nilimwita "wewe". Alipozaliwa binti yetu Jorina, nikamwita Baba Jorina. Na mwaka ule, kwa hasira zangu mwenyewe, nikamwita Ishirini na Tisa.

Hiyo ni mbegu. Huku Sunamganj mpunga tunavuna mara moja tu kwa mwaka, kwenye haori, bonde ambalo nusu ya mwaka ni shamba na nusu ni ziwa. Mbegu zenyewe zinajulikana kwa namba. Ishirini na nane huzaa kiasi, lakini huwahi kuiva. Ishirini na tisa huzaa hasa, masuke yanainama kwa uzito, ila huchelewa wiki mbili na zaidi. Na wiki hizo, mwezi wa Boishakh, joto linapoanza, ndizo ambazo maji ya milima ya Meghalaya hupenda kutushukia.

Nilimwambia achukue ishirini na nane. Akaenda sokoni, akarudi na gunia la ishirini na tisa, anachekacheka kama bwana harusi. Nikanuna siku tatu, kisha nikaanza kumwita kwa namba. Ishirini na Tisa, njoo ule. Ishirini na Tisa, ng'ombe amekata kamba. Wanawake kwenye pampu ya maji walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaipeleka habari kwa waume zao, na mwezi haukuisha kabla hata muadhini hajaanza kumsalimu hivyo. Mume wangu alicheka pamoja nao. Nilidhani kweli anacheka.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nasugua masufuria mtoni. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama kawaida ya Boishakh, mara vifundo vya miguu vikashikwa na baridi. Nikatoka, nikasimama ukingoni, nikarudi tena kuhakikisha. Baridi ile si ya kwetu. Ni mvua iliyonyesha juu milimani, na ikishafika miguuni mwa mwanamke anayeosha vyombo, tuta la udongo linalokinga haori lina siku mbili tatu tu za kuvumilia.

Nilipomwambia mume wangu, hakubisha. Alichukua mundu, akaanza kuunoa. Alasiri kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kwamba kila mwenye jembe na kikapu aende kwenye tuta, na kila mwenye mpunga shambani aukate. Waliopanda ishirini na nane walikuwa wameshamaliza kupura. Wetu ulikuwa nusu njano, nusu kijani. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale, hakijaiva, tukaanza kukikata hivyo hivyo.

Yeye alikata. Mimi na Korfula tulipura na kuanika kwenye uwanja ulioinuka kando ya shamba. Korfula ni mjane wa kaka wa mume wangu, Torab, aliyeuawa na radi kwenye haori hiyo hiyo miaka minne iliyopita, mundu mkononi. Baada ya msiba ule walikuja watu wa ofisi wakapanda mivumo, ile mitende inayorefuka sana, kwenye tuta, ili radi ipige miti badala ya watu. Sasa miti yenyewe, ile iliyosalimika na mbuzi, ilikuwa bado inanifika magotini.

Alhamisi adhuhuri tulikuwa tumeshatoa theluthi mbili. Mbingu ya kaskazini magharibi ikaanza kuiva kama jeraha, upepo ukakata ghafla, ngurumo ya kwanza ikasikika mbali. Wanaume waliobaki mashambani walitupa miundu, wakakimbilia kwenye baraza la madrasa nyuma ya uwanja wetu. Mume wangu alibaki. Nikamwita Baba Jorina, akanipungia mkono kwamba imebaki kidogo. Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Nikamwita tena, akainama.

"Hatoki huyo," Korfula alisema, akivuta turubai juu ya mpunga.

"Mvua ikimchapa atatoka."

"Surutun, unadhani mumeo anakata mpunga? Anakata lile jina. Ukizama hata mganda mmoja, jioni utamwita nani? Na hao barazani watamwita nani?"

Nikageuka, nikawatazama wale wa barazani.

Korfula akaweka jiwe kwenye pembe ya turubai, akalikandamiza kwa mguu. "Mimi wangu nilimwambia asirudi nyumbani mpaka amalize," akasema. "Nilikuwa natania."

Miaka minne tumekula sahani moja, na hilo sikuwahi kulisikia. Nikaenda mpaka ukingo wa uwanja, wanaume wote wakiwa nyuma yangu barazani, nikapiga kelele kwa sauti ambayo mke wa heshima hatakiwi kuwa nayo.

"Baba Jorina, toka! Mbegu ile niliichagua mimi. Wewe ulitaka ishirini na nane, mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Kosa ni langu, acha huo mpunga uende."

Barazani mtu mmoja aliguna, mwingine akacheka. Mume wangu akanyooka, akanitazama. Alijua ni uongo, na alijua nimeusema mbele ya nani. Kisha akauweka mundu chini, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaanza kuja, kwanza kwa kutembea, halafu mbio, ameinama.

Alikuwa ameshafika uwanjani mwanga na mlio vilipokuja pamoja. Mti wake wa kubebea miganda, aliokuwa ameusimika pale pale alipokuwa akikata, ulipasuka katikati, ukabaki unafuka moshi kwenye mvua.

Tulikaa barazani mpaka ngurumo zikaenda zao. Akanywa maji, akafuta uso kwa ncha ya lungi yake, shuka aliyojifunga kiunoni.

"Ulisema nini kule?" akaniuliza.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Nataka urudie."

Nikamwongezea maji. Kabla ya alasiri tuta lilipasuka upande wa kaskazini, maji yakaingia bila fujo, na tukatazama theluthi iliyobaki ikizama, suke kwa suke. Jioni bata walikuwa wanaogelea juu ya mundu wake.

Mpunga tuliouokoa ulinuka majani mwaka mzima na ulivunjikavunjika sufuriani. Tuliula na samaki mkavu, tukashukuru. Lile jina nalo likahama, likaja kwangu. Watoto wa madrasa, muuza mbegu, wanawake wa pampu, wote waliniita Mama Ishirini na Tisa.

Maji yalipokauka, mume wangu alirudi kutoka sokoni na gunia, akalishusha miguuni pangu. Ishirini na nane. Muadhini alikuwa akipita, akauliza kwa kicheko kama safari hii Mama Ishirini na Tisa ameruhusu. Nikamwona mume wangu anafungua mdomo kusema ukweli. Nikamkanyaga mguu.

"Nimekubali," nikamjibu muadhini, "lakini kwa shingo upande."