Kichujio cha Rember

Mvua ikinyesha, jangwa la chumvi la Uyuni hugeuka kioo. Mbingu juu, mbingu chini, mtu katikati kama nzi dirishani. Wageni hushangilia. Wenyeji huogopa, maana chumvi ile ina macho: ndivyo wanavyoyaita mashimo ya maji baridi yasiyo na mwisho. Kioo kikishatanda, huyaoni.

Bi Saturnina alikuwa na mtoto mmoja tu, Rember, mpiga picha. Picha zake zilikuwa pana: anazungusha kamera kidogo kidogo juu ya stendi, anapiga nyingi, kisha anaziunganisha kuwa moja. Kwenye lenzi alifunga kichujio cheusi cha kufuta mng'ao. Siku moja mama yake alichungulia ndani yake, akaona kioo chote kimetoweka, chumvi ya chini imejitokeza, na jicho limekodoka mbele ya miguu yake. Tangu siku hiyo alikithamini kidude kile kuliko hirizi.

"Ukitembea, chungulia kwanza," alimwagiza.

"Mama, mimi si mgeni."

"Wanaozama ni wenyeji. Mgeni hushikwa mkono."

Lakini kichujio kiliharibu picha pana. Upande mmoja anga liliiva buluu, upande wa pili likapauka. Rafiki yake Grover alimcheka: "Mbingu yako imefuliwa nusu, kaka!" Tena kiliua kile kioo chenyewe, ambacho ndicho wageni walichokitaka.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, mawingu yalifunguka ghafla. Rember aliacha supu ya kinoa nusu bakuli.

"Narudi sasa hivi, Mama. Usiimwage."

"Umechukua kichujio?"

"Ninacho, Mama, ninacho!" Alijibu keshafika nje.

Saturnina alipofuta meza alikikuta nyuma ya bakuli. Rember alikuwa amekifungua kwenye lenzi mapema ili asipoteze muda huko. Mama akakitwaa, akatoka mbio, sketi zake nzito zikilowa, akimwita. Jangwa lile halina hata mwangwi. Mbali aliona stendi imesimama, kamera juu yake inatazama mbingu mbili. Mwenyewe hayupo.

Akaweka kichujio jichoni, akakizungusha taratibu. Mng'ao ukafutika. Nyuma ya stendi, hatua moja tu ya mtu anayerudi kinyumenyume kutafuta nafasi, jicho lilikuwa wazi. Kofia ya Rember ilikuwa inaelea ndani yake.

Grover na wenzake walimtoa kwa kamba, roho imeshatoka. Ndani ya kamera walikuta picha nzuri, anga moja lisilo na kiraka. Wakataka kuziunganisha kuwa moja, mama aitundike ukutani. Akakataa.

Mtoto akisema "ninacho", bado hajakuonyesha kitu. Siku hizi kijana akipita mlangoni pake na kamera, Saturnina hamuulizi kama amechukua kichujio. Humshika mkono kwa nguvu, akamwambia, "Nionyeshe."