Jagi la Lita Moja

Jumatatu, tarehe tatu Machi, mzani wa jikoni kwenye kiwanda cha magodoro ulivunjika, na mke wangu akaanza kufa. Watu huniambia nisiseme hivyo. Nasema hivyo.

Yeye ndiye aliyekuwa mpishi pale, akiwapikia wafanyakazi wali wa mchana. Mgao wa kila mtu ulipimwa kwa gramu, amri ya ofisini. Mzani ulipovunjika akamwendea meneja kumwuliza apimeje. Meneja hakuinua hata uso kwenye simu yake. Akamsukumia jagi la plastiki lenye mistari ubavuni.

"Lita moja ni kilo moja, mama. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Na mzani mwingine, bosi?"

"Tutaangalia."

Mkubwa akisema tutaangalia, ujue ameshasahau.

Mke wangu akatii. Palipotakiwa kilo moja, akatia jagi moja. Maji akaweka yaleyale ya siku zote. Wali ukatoka rojorojo, tena kidogo. Maneno yakaanza kwenye dirisha la kugawia chakula.

"Mama, leo tunakula au tunakunywa?"

"Mwacheni jamani, ana wajukuu wa kulisha!"

Jioni alinisimulia huku akicheka, ila kicheko chenyewe cha juu juu.

Kilichomshangaza ni magunia. Kwa hesabu ya ofisi gunia lilitakiwa kuwa tupu, yeye akichungulia anakuta mchele bado upo. "Baba watoto," akaniambia, "nadhani Mungu ametuonea huruma." Akamwambia mtunza stoo. Mtunza stoo akamwagiza mabaki ayatie kwenye pipa, watakuja kuyahesabu mwisho wa mwezi.

Hawakungoja mwisho wa mwezi. Wafanyakazi walilalamika kwamba wanapunjwa, meneja akaingia jikoni na walinzi, akafunua pipa. Mchele tele. Akamsimamisha mke wangu mbele ya foleni nzima, aproni bado mwilini, akasema, "Mwizi wenu huyu hapa." Mtunza stoo alikuwepo. Aliangalia viatu vyake.

Siku ile alirudi nyumbani akalala bila kula. Mtaani wakambandika jina, Mama Pipa. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kusalimia majirani, presha ikampanda, na kabla mvua hazijakatika tukamzika. Kutoka kiwandani hakuja hata mtu.

Nikawa najipikia. Siku moja nilinunua kilo ya mchele, mwenye duka akaipima mbele ya macho yangu. Nyumbani nikaimimina kwenye jagi letu la lita. Jagi likajaa, mchele ukamwagika mezani, na kwenye mfuko bado umo. Nikadhani amenizidishia. Nikaukusanya wote, nikamrudishia, akapima tena. Kilo, wala haizidi. Nikakaa kwenye kreti ya soda palepale dukani. Mchele si maji. Jagi moja la mchele halifiki kilo, na huko kupungua ndiko kulikojaza pipa. Hakuna punje iliyotoka kiwandani.

Kesho yake nikaenda, saa ya chakula. Jikoni palikuwa na mzani mpya unang'aa. Meneja akanikuta kando yake.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini hayo yameshapita."

"Pole kaa nayo. Mwambie mpishi ajaze jagi, auweke mchele wake hapo juu ya mzani, na hawa wote waone."

"Halafu?"

"Halafu useme mke wangu hakuiba. Kwa sauti ileile uliyomwitia mwizi."

Mmoja akapaza sauti nyuma ya foleni, "Mpimieni mzee, tule!" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mpishi mpya alishika jagi, akamtazama bosi, akalirudisha mezani.

Walinzi wakanishika mikono, taratibu, kama mgonjwa. Mlangoni nikageuka nikawauliza, meneja na mtunza stoo wake aliyekuwa amesimama nyuma yake: kupima jagi moja la mchele, mnaogopa nini?