Mke Mwenza Mwenye Kwato

Wanawake wengine huibiwa waume na wanawake wenzao. Mimi wangu alichukuliwa na farasi, na wala sitanii.

Jina lake Ghazala, farasi jike mweupe wa kuruka viunzi, mali ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini mume wangu Zablon kule Riyadh. Uwanjani aliruka hata wapinzani wakapiga makofi. Ndani ya lori alikuwa shetani. Mlango ukifungwa tu, aliparura sakafu, akapiga mateke ubavu wa lori, akataka kusimama wima mpaka lori zima likayumba. Walimtundikia nyasi mbele ya pua, wakamwekea farasi mwenzake pembeni, wakamfunga kamba fupi. Wapi! Aliyemweza ni Zablon peke yake. Alisimama karibu na kichwa chake, mkono shingoni, akamwimbia zile nyimbo alizombembelezea binti yetu Rita, na farasi akatulia kabisa. Basi kwenye kila mashindano Zablon alikaa ndani ya lori na Ghazala tangu kufika mpaka kuondoka. Alikula humo na kulala humo.

Ungedhani mtu wa maana hivyo angetunzwa. Mkataba wake ulikwisha zamani, lakini kila alipoomba kurudi Kenya, kafili alimjibu, "Ghazala hasafiri bila wewe," na hakusaini kibali cha kuondoka. Shukrani ya punda ni mateke, na bosi naye hakuwa mbali na punda.

Mimi nilikuwa nafanya kazi za nyumbani Jeddah. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na madam alikuwa ameshanikatia tiketi. Nilitaka kitu kimoja tu: nisipande ndege ile bila mume wangu. Kwa hiyo farasi wao walipoletwa Jeddah kushindana, niliomba ruhusa ya mchana mmoja, nikapitia mtaa wa Sharafiya kununua chapati na ndengu, nikachukua teksi mpaka uwanjani.

Nilimkuta ndani ya lori. Miaka yote ile hatujaonana, na akanikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulibaki shingoni mwa Ghazala. Hapo ndipo wivu uliponipanda.

"Baba Rita, toka nje tule kama watu."

"Siwezi, Mama Rita. Nikitoka atavunja lori."

"Si avunje! Akiwashinda kabisa watamuuza. Akiuzwa, huyo kafili atakushikilia kwa sababu gani?"

Akamgeukia Ghazala, akampapasa shingo. Nikabeba chapati zangu nikashuka kwa hasira. Kidogo nikasikia komeo la mlango likirudishwa nyuma yangu, nikajua ananifuata.

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta. Mateke yakaanza, na kwa kila kishindo Zablon alishtuka, tonge likamkwama. Nilimshika goti nikamsimulia habari za nyumbani, jinsi Rita alivyong'oka meno ya mbele na bado anataka kuguguna mahindi choma. Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Kisha lori likanyamaza.

"Umeona?" nikamwambia. "Ameshazoea. Hata mtoto ukimwacha alie, mwisho hulala."

"Kumbe," akasema. Akamega chapati, akala kwa raha, akaomba nyingine.

Tuliporudi, Ghazala alikuwa chini. Mguu wa mbele ulikuwa umenasa juu ya chuma cha kizuizi, naye alikuwa ameuvuta mpaka mfupa ukatokeza. Alipomwona Zablon alijaribu kuinuka. Zablon akapiga magoti, akamwimbia mpaka daktari wa mifugo alipokuja na sindano, na baada ya sindano akaendelea kuimba.

Sitasema uongo. Niliogopa, nikamhurumia yule mnyama, na chini ya hayo yote nilifurahi. Farasi hayupo, kisingizio hakipo.

Kafili alikuja. Nilingoja makofi, nilingoja polisi. Yeye alimtazama farasi wake, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, akamshika Zablon begani.

"Umeona, Zablon? Umetoka kidogo tu, amekufa. Hakuna mwingine kama wewe."

"Bosi," Zablon akasema kwa sauti ndogo, "sasa Ghazala hayupo. Naomba nirudi nyumbani."

"Nyumbani? La, la. Kuna mdogo wake, ataanza kusafiri mwezi ujao. Huyo ana mateke kuliko huyu. Mafi mushkila, hakuna shida, utamtuliza." Akampigapiga bega, akaondoka.

Walipokwisha kumtoa Ghazala, Fred, dereva wao, akawasha injini. "Zablon, njoo ukae mbele, kaka. Kiti kiko wazi."

Zablon alimtazama kama hakumsikia. Akapanda nyuma, akasimama palepale alipozoea kusimama. Nikamfuata nikampa chapati zilizobaki.

"Msalimie Rita," akaniambia.

Mlango wa lori lile hufungwa kwa nje. Fred alikuwa anapiga honi, yalla, yalla, na hapakuwa na mtu mwingine karibu, nikaufunga mimi.