Umeme Ulipokatika

Umeme ulikatika katikati ya mshono. Cherehani ikanyamaza, na hapo ndipo fundi alipogundua kwamba tumbo lake nalo limenyamaza.

Alikaa, mkono mmoja juu ya kola ya sare ya shule, wa pili chini ya kitovu. Tangu asubuhi alijua mtoto anacheza. Kumbe ilikuwa meza! Alikuwa ameliegemeza tumbo kwenye ukingo wake kama kila siku, na mtetemo wa mashine ukampenya hadi ndani.

"Mama," aliita.

Mama mkwe wake alikuwa mkekani, akikata nyuzi zilizobaki kwenye vifungo. "Naam, mwanangu. Haya, kitendawili! Mpangaji wangu halipi kodi, na bado ananipiga mateke."

"Hanipigi, mama. Leo sidhani kama amenipiga hata mara moja."

Mkasi ukaanguka. Yule bibi akasogea kwa magoti, akaliweka sikio lake kwenye gauni la mkwewe.

"Amelala tu," alisema. "Baba yake mpaka leo haamki bila kumwagiwa maji." Akacheka peke yake. Kisha akaiona futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwa fundi. "Na hilo lidude livue! Nimesema mpaka nimechoka, utamzonga mtoto."

Fundi aliivua bila kubisha.

"Sasa kunywa maji baridi, ulale kidogo. Umeme ukirudi—"

"Umeme ukirudi nitadanganyika tena. Twende, mama. Twende sasa hivi."

Kliniki ya hospitali, mkunga alimpaka fundi mafuta ya baridi tumboni, akakisogeza kifaa cha kusikilizia huku na huku. Sauti nzito ikasikika, ya polepole.

"Huyo!" bibi akaruka.

"Huo ni moyo wa mama yake," mkunga alisema. Akasogeza tena, chini kidogo. Fundi alikuwa ameuma kanga. Ghafla yakaja mapigo mepesi, ya mbio mbio, kama sindano kwenye kitambaa chepesi. Bibi alifungua mdomo kushukuru. Mapigo yakalegea. Yakazidi kulegea. Yakajikokota kurudi juu.

"Ni ile futi, eti, nesi? Anaivaa shingoni kutwa."

"Futi haina kosa, bibi. Mtoto hujizungushia kiungamwana, ile kamba ya kitovu, mwenyewe akigeuka, na wengi huzaliwa nacho shingoni wakiwa wazima. Labda kimebanwa, labda ni jambo jingine. Ila moyo huu haunipendezi." Akageukia mlangoni, akapaza sauti: "Andaeni chumba cha upasuaji!"

"Mama, usiondoke," fundi alisema, kitanda kikianza kusukumwa.

"Niende wapi mie?"

Mlango ulifungwa. Bibi akabaki kwenye korido, amekumbatia ndara za mkwewe. Ndani vyombo viligongana, mtu akasema neno moja, kisha kukawa kimya. Akauweka mkono mlangoni, vidole vimetanuka, akisikilizia kilio cha mtoto.