Ndizi ya Mama Mkwe

"Si ulisema leo hushiki zamu ya yule mbuzi wewe?" mkewe alimuuliza, jicho likiwa kwenye ndizi aliyokuwa akiitia mfukoni.

"Sishiki. Hii naenda kula mwenyewe."

Mkewe akaguna. Tangu waoane hajamwona mume huyu akila ndizi; husema inamkwama kooni kama sabuni. "Mama yangu mzazi hujampelekea ndizi hata siku moja. Lakini mbuzi wa watu!"

"Mama yako hana pembe. Simwogopi."

Akatoka upesi, kabla mzaha haujamwishia mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kulaza wanyama usingizi katika maabara ya utafiti, wapasuliwe bila kusikia maumivu, kisha awaamshe. Na huyo mbuzi wa watu alikuwa jike mweupe, mwenye ndevu na macho ya dharau. Ukiingia bandani kwake anakutazama kuanzia viatuni hadi utosini, mpaka unajiona umekuja kuposa mikono mitupu. Ndipo akampachika jina la Mama Mkwe. Wenzake nao wakamgeuzia kibao, wakamwita yeye Mkwe, na likamganda.

Mbuzi wengine hushikwa kwa nguvu wakati wa kuvalishwa barakoa inayotoa dawa ya usingizi. Mama Mkwe hakutaka kushikwa na mtu. Basi Mkwe akawa anapaka ndizi kidogo ndani ya barakoa, harufu tu, maana mnyama wa kupasuliwa hulazwa njaa. Mama Mkwe akazoea. Akiiona barakoa anaijia mwenyewe, anatumbukiza pua, analamba, na huku akilamba miguu inalegea. Mkwe humpokea mapajani, akamwambia, "Lala, mama. Tutaonana mchana."

Na mchana wakaonana, kila mara. Mfupa wa mguu wake ulikuwa umetobolewa na kuzibwa kwa saruji mpya, ambayo daktari mpasuaji alitumaini itakuja kuwafaa watu waliovunjika. Alipasuliwa ili iwekwe, akapasuliwa tena ili ikaguliwe. Leo ulitakiwa mfupa mzima, utazamwe hadi ndani. Leo Mama Mkwe hangeamshwa. Mfupa ungetolewa, kisha dawa izidishwe, humo humo usingizini.

Jana yake Mkwe alikuwa amemwomba mwenzake amshikie zamu. "Mimi nitapanga dawa tu. Siwezi kumwita kwa ndizi aje kufa."

"Bwana Mkwe, mambo yenu ya ukweni msinitie," alijibu mwenzake, pandikizi la mtu mpole waliyemwita Jabali. Lakini alikubali.

Basi asubuhi hiyo Mkwe alikuwa amesimama stoo, akipanga chupa zilizokwisha pangika. Ukuta ulikuwa mwembamba. Akasikia kwato sakafuni, mbio mbio: Mama Mkwe ameiona barakoa, anaikimbilia. Kisha kimya. Kisha kwato zikarudi nyuma, zikateleza, ukatoka mlio ambao hajawahi kuusikia kwa mbuzi yule.

"Tulia, bibi! Tulia!" Jabali alikuwa akihema. "Jamani, nishikieni pembe!"

Mkwe hakuhitaji kuambiwa. Jabali kaiosha barakoa, kaifuta, kaileta safi kama sheria inavyotaka. Mama Mkwe katia pua kwa imani yake yote, akakutana na dawa peke yake. Na yule aliyemfundisha kuja mwenyewe kajificha nyuma ya ukuta, ndizi imo mfukoni. Alijiambia kwamba akikaa kando hatakuwa amemsaliti. Kumbe sasa anamsikia anavyokwenda, kwa hofu, mikononi mwa wageni.

Akausukuma mlango. "Mwachieni."

"Atakupiga pembe huyu."

"Mwachie, Jabali. Ndizi iko wapi?"

Jabali akaduwaa. "Ndizi? Mimi nilidhani ile ni mizaha yako tu."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Mkwe akasema.

Akaitoa yake mfukoni, akaimenya, akaipaka ndani ya barakoa, na safari hii hakufanya ubahili. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Mama Mkwe alikuwa amejibana kwenye kona, mbavu zikipanda na kushuka, akamtazama kuanzia viatuni hadi utosini.

"Shikamoo, mama. Nimechelewa, niwie radhi. Lakini sikuja mikono mitupu."

Mbuzi akasogea, akasita, akanusa. Akatumbukiza pua, akalamba. Miguu ikalegea, Mkwe akampokea.

"Lala, mama," akasema. Mdomo ukabaki wazi, ukingoja maneno yaliyozoea kufuata. Hayakuja.

Walipompandisha mezani, Mkwe alimbana kati ya kwato kupima kama bado anasikia. Hakushtuka. Mpira wa kupumulia ukapita kooni vizuri. Ndipo akachukua tyubu ya marhamu ya macho. Mbuzi aliyelazwa kwa dawa hafumbi macho. Yasipopakwa hukauka, akija kuamka yanamuuma.

Daktari, kisu mkononi, alimtazama. "Mkwe," akasema taratibu, "leo hiyo ya nini?"

"Yasikauke, Daktari."

Daktari akakirudisha kisu kwenye trei.

"Mpake," akasema. "Nakungoja."

Mkwe akampaka jicho moja, akalifuta pembeni kwa kidole, akahamia la pili, wala hakuwa na haraka.