Kosa la Mstari wa Tisa

Zilibaki siku tatu kabla ya usaili wa okestra, na nesi mmoja mpiga fidla alikuwa hali wala halali. Mwaka uliopita alikwenda kwenye usaili huohuo na fidla yake, akafika mstari wa tisa wa muziki aliopewa kupiga, akakosea. Akarudia, akakosea tena. Majaji watatu walimkodolea macho. Alitoka mbio bila hata kuaga.

Tangu hapo, kila akirudi kutoka wodini, alijifungia chumbani na kuupiga mstari ule mara hamsini. Kosa lilikuwa lilelile. Siku hizi akikaribia tu pale, moyo ulimwenda mbio na viganja vikalowa jasho.

Jioni hiyo shangazi yake, mwalimu mstaafu wa muziki, aliingia bila kubisha hodi.

"Mwanangu, hilo kosa nimelisikia mpaka naliimba nikiosha vyombo."

"Nafanya mazoezi, shangazi."

"Mazoezi ya kukosea! Vidole vitajuaje kuwa unakosea? Vinadhani ndivyo unavyotaka."

 Kumbe mwaka mzima alikuwa akijichimbia shimo?

"Sasa nifanyeje? Nitaaibika tena!"

"Kwanza niambie, kidole gani kinachokosea?"

Hakujua. Walipiga noti mbili tu za pale, taratibu, kama mtu anayekanyaga vipande vya chupa. Ndipo akaona: kidole cha tatu kilijikaza kwa woga, kikachelewa. Shangazi akamwamuru akosee makusudi, kisha apige sawasawa, asikie tofauti. Baada ya mara sita akamnyang'anya fidla.

"Basi. Mpaka kesho."

Mara sita! Nesi aliona kama anapelekwa vitani mikono mitupu.

Siku ya usaili alisimama mbele ya majaji, akaanza kupiga. Mstari wa tisa ukapita salama. Lakini kwenye ule wa kumi na nne, ambao hakuwahi kuukosea maishani, kidole kikateleza. Noti ikalia vibaya, chumba kizima kikasikia. Mkono ukataka kurudi nyuma. Akaulazimisha kwenda mbele, huku machozi yakimlengalenga, hadi mwisho.

"Ulisikia ulipokosea?" jaji mmoja akamuuliza.

"Nilisikia."

"Mbona hukurudia?"

"Niliogopa kurudia zaidi kuliko nilivyoogopa kukosea."

Jaji aliandika kitu, hakutabasamu. Wiki iliyofuata nesi alipigiwa simu: amepata kiti katika okestra, safu ya nyuma kabisa ya wapiga fidla. Alimkumbatia shangazi yake, simu ingali sikioni, kisha akamuuliza mpigaji, kwa hofu, onyesho la kwanza lingekuwa lini.